Soma na Pembeni

Ghorofa ya sita, Jumatatu, mwezi wa tatu umeanza

Mjukuu wangu, mke mwenza wa marehemu bibi yako,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Ilipita chini ya mlango kama mjusi, nikaidaka kabla haijazama chini ya kabati. Anayenisukumia ni mama anayefagia ngazi za jengo hili. Ndiye posta yangu. Na mimi zangu nampa hivyo hivyo, kwa chini.

Unauliza kwa nini simu sipokei. Simu naisikia kama mbu ndani ya chupa. Mtu anaongea, mimi naitikia eeh, eeh, ukiniacha hivyo nitajikuta nimekubali kuoa. Karatasi haina sauti, lakini haina haraka.

Sasa unaniambia hapo ofisini kwenu kwa watafsiri wamekupa kazi ya kuchagua programu ya kompyuta. Karatasi za zamani zinapigwa picha, programu inasoma maandishi kwenye ile picha, ninyi mnatafsiri bila kuandika upya neno kwa neno. Na unatafuta mwandiko mgumu wa kuzijaribu hizo programu, ukamkumbuka babu yako. Umefanya la maana. Mwandiko mgumu kuliko huu hawauzi dukani.

Mimi darasani sikuingia hata kufagia. Herufi nilizijua kwa brashi, juu ya malori. A niliikuta kwenye tangi la mafuta, nikaipenda, nikaihamishia kwenye lori la mkaa. Z nimejifunza siku moja na dereva amekaa ananisubiri, injini inaunguruma. Herufi zangu zina kivuli, zina mkia, nyingine zina maua. Lori nililoliandika mimi likipita, trafiki alikuwa anasahau kulisimamisha, anabaki kinywa wazi anasoma. Madereva walikuwa wanagombana nani aanze. Mmoja aliniletea lori jipya ambalo bado halijabeba hata gunia, eti niliandike kwanza ndipo lipate bahati.

Na sheria ya kazi unaijua, nilikuimbia tangu unatambaa bandani kwangu unakula rangi. Mbele ya lori, juu ya kioo, unaweka mbwembwe. Herufi kubwa: Simba, Sina Habari, Nani Kama Mimi. Hayo ni ya kupendeza barabara. Ya kweli unayaandika mlangoni, chini, kwa herufi ndogo: mwenye gari ni nani, linabeba uzito gani. Askari anayeijua kazi hasomi mbele. Anainama mlangoni.

Huku kwa baba yako mdogo ni kuzuri. Nimekaa juu ya mji kama tai. Nilikuja kutibu goti, goti likapona nusu, lifti ikafa nzima. Mwanangu ananitunza kama yai. Nakula, nalala, natazama paa za watu. Vumbi hakuna, honi zinafika zimechoka.

Kisa cha mbuzi nilikuambia? Kile kinu cha unga cha ghorofa, karibu na gereji. Mbuzi wa watu alifuata harufu ya pumba, akapanda ngazi mpaka juu kabisa. Mbuzi kupanda anajua, kushuka hajui. Akasimama juu analia, na wanaume wamejaa chini wanatoa ushauri. Nilipanda mimi, nikamweka mgongoni, nikashuka naye, na kopo la rangi nimeliuma kwa meno. Haikumwagika hata tone.

Hiyo uijaribishe kwenye programu zako. Ikishindwa na mbuzi, haifai.

Babu yako,
fundi wa herufi, sura na tabia

(Pembeni mwa karatasi, kwa penseli, herufi ndogo:)

Baba yako mdogo mlango anaufunga kwa nje akienda kazini, na ufunguo anaondoka nao. Ni tangu nilipoteleza ngazini. Hataki kunisikia. Wewe anakusikia. Mwambie aniachie ufunguo. Nataka kurudi bandani kwangu.


Ofisini, Ijumaa ya wiki ileile

Shikamoo Babu,

Umetuua. Barua yako ilifika asubuhi ya majaribio, na mwenzangu aliyepokea bahasha aliichana akaitia kwenye skana kabla sijaishika. Tumebaki na programu mbili, na sisi wenyewe tumezibatiza. Moja tunaiita Fasaha, nyingine Kigugumizi.

Fasaha aliirudisha barua yako safi kama imetoka kiwandani. Mistari imenyooka, nukta ziko mahali pake, maua yako ameyafagia yote. Tulimsoma mbuzi kwa sauti, ofisi nzima ikasimama. Mama wa mapokezi anataka kujua kama hilo kopo uliliuma kwa meno yako ya kuzaliwa.

Kigugumizi ana shida. Kila neno la pili anaweka mabano na alama ya kuuliza. Penye kivuli anasema hana hakika. Penye doa anasema hana hakika. Mwishoni akaongeza: "Kuna alama kwenye ukingo wa karatasi, hazijasomeka vizuri." Bosi akasema, "Huyu hata vumbi anataka litafsiriwe."

Bosi ameshamchagua Fasaha moyoni. Mimi naandika tu ripoti ya kukubaliana naye. Kuna hospitali imetuletea maboksi ya mafaili ya wagonjwa wa zamani, yameandikwa kwa lugha ya madaktari wa wakati ule, na inataka tafsiri mwezi huu huu. Mteja anapenda kurasa safi. Mimi nimekaa kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Naingia na jua, natoka na taa za barabarani. Likizo nimeomba, bosi akaniuliza likizo ni mnyama gani.

Lakini barua yako imenipa raha. Nilimpigia baba mdogo nikamwambia umesema anakutunza kama yai na kwamba huko ni kuzuri. Nadhani alitaka kulia. Alikuwa na wasiwasi kwamba umechoka kukaa kwake. Nikamwambia, "Babu? Anajiita tai."

Andika nyingine. Ndefu.

Mjukuu wako,
mke mdogo asiyepikiwa


Ghorofa ya sita, Jumatano

Mjukuu wangu,

Mwambie huyo mama wa mapokezi meno yalikuwa yangu, na mengine sita niliazima kwa jirani.

Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, nikaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki. Nikajiambia labda umeishiwa wino. Au labda siku hizi watu wa ofisini wanajibu yale wanayoyapenda tu. Si kitu. Babu yako hana kinyongo. Kinyongo kinataka mtu mwenye kumbukumbu, na mimi kumbukumbu zangu nazitengeneza upya kila asubuhi.

Huku nimezidi kuwa tai. Asubuhi natazama paa, mchana natazama paa, jioni paa zinanitazama mimi. Kuna mwanamke anaanika nguo kwenye jengo la mbele, nimeshazijua shuka zake kuliko mumewe. Kuna paka mweupe anatembea kwenye ukingo, hana mwenyewe, hana ratiba, anakwenda anakotaka. Nimempa jina. Nimemwita Dereva.

Baba yako mdogo akirudi tunakula, ananiuliza umeshindaje, namwambia vizuri sana. Mwanangu ana roho nzuri, ila amerithi masikio yangu. Ukisema kitu anachokiogopa, hasikii.

Unaniambia Fasaha amefagia maua. Haya. Lakini usisahau maua yale wenye malori walikuwa wanayaomba, sikuwa naweka kwa kupenda. Wakati ule nilikuwa naandika lori zima kabla chai haijapoa. Siku ile ya kinu cha unga nilikuwa nimetoka kumaliza malori mawili, ndipo nikaitwa kumshusha yule ndama. Ndama mzito, anarusha mateke, na mimi nashuka naye ngazi ya mbao inayolia kila hatua. Watu walipiga makofi mpaka unga ukaanguka kutoka darini.

Nisalimie banda langu ukipita. Piga kufuli lake kofi moja, liamke.

Babu yako,
tai wa ghorofa ya sita

(Pembeni, kwa penseli:)

Sijui kama uliona ukanyamaza. Mlango bado. Juzi jirani aliunguza sufuria, moshi ukaingia chini ya mlango, njia ileile ya barua zako. Nilivuta kitasa mpaka mkono ukavimba. Nilipiga mlango, hakuna aliyekuwa ngazini. Nililala sakafuni na kitambaa puani mpaka ukaisha. Mwanangu sijamwambia, atafunga na dirisha. Nakuomba, ongea naye.


Ofisini, Jumanne

Shikamoo Babu,

Huyo paka Dereva ametushinda wote. Fasaha amemwandika vizuri kabisa, bila kosa. Kigugumizi safari hii amezidi, nusu ya ukurasa mabano, na amerudia wimbo wake wa kingo za karatasi. Bosi hakumaliza hata kusoma. Ripoti yangu iko mezani kwake, inasubiri sahihi Jumatatu.

Sasa nikupe habari njema. Baba mdogo alinipigia. Anasema kwa kuwa umeridhika huko, hakuna haja ya banda kukaa limefungwa linaliwa na panya. Akaniomba nikutafutie mpangaji. Nimepata, tena mtu mzuri, muuza mayai wa jumla. Amejaza trei mpaka darini. Brashi zako nimezitia kwenye boksi moja, makopo ya rangi mengi yalikuwa yamekauka, nikayatupa. Lile kubwa jekundu nimelihifadhi.

Na veranda baba mdogo anaiwekea nondo, juu hadi chini, ili usije ukaegemea ukaanguka. Anasema fundi anakuja wiki hii. Mtu akikupenda hivyo, Babu, shukuru.

Mimi bado niko na ukuta wangu. Wiki hii nimefahamiana na ufa mmoja mpya.

Mjukuu wako


(Barua hii haina tarehe. Katikati ya karatasi hakuna kitu. Maneno yamezunguka kingo zote nne, herufi ndogo, kwa penseli:)

Katikati nimekuachia, jaza unayopenda kusikia.

Nimekaa na barua yako siku nzima nikijiuliza mjukuu wangu amekuwa mtu mbaya lini. Ulikula rangi ukiwa mdogo, ulilia, uliiba peremende, lakini ubaya sikuuona. Basi nikaanza upya, kama fundi anayetafuta wapi panavuja. Nikajiuliza: barua zangu anazisoma nani? Wewe umeniambia mwenyewe. Fasaha.

Huyo Fasaha namjua, ingawa hatujaonana. Ni mimi huyo. Mtu akiniuliza njia nisiyoijua, hajawahi kunisikia nikisema sijui. Namwelekeza vizuri, kushoto pale penye mti, kulia penye duka, ananishukuru, anaondoka na furaha yake, anapotea. Kwa kusimulia hadithi, mchukue Fasaha, atakufaa. Kwa kazi yenye mtu ndani yake, mchukue yule anayegugumia. Mwenye kusema "hapa sijaona" amekuambia mahali pa kutazama.

Mimi nimefungiwa. Nimekuandikia mara ya kwanza, nimekuandikia mara ya pili, mlangoni, chini, kama lori. Nilidhani wewe ni askari unayeijua kazi. Mtu mzima haombi kwa herufi kubwa. Fundi wa nondo alikuja jana, sasa hata paka namwona kwa vipande.

Kama umeigeuza karatasi mpaka hapa, basi nimekosea kukushuku. Kama hujaigeuza, haya nayasema peke yangu, na hilo nimeshalizoea.


Ofisini, Jumatatu

Babu,

Shikamoo. Nimeigeuza.

Nikueleze ilivyokuwa. Bahasha ilifika, ikapita kwenye skana kama zile nyingine. Fasaha akajibu: "Ukurasa huu hauna maandishi." Mwenzangu akacheka, bosi akapita nyuma yetu akasema, "Pole, mzee ameanza kutuma karatasi tupu. Ni umri." Na mimi, Babu, kwa muda kidogo nilikubali. Nilikusikitikia.

Kigugumizi akachelewa kama kawaida yake. Kisha akatoa mistari michache. "Ukingo wa chini: (fungiwa?) … ukingo wa kulia: mlangoni (?) … haijasomeka … kama lori." Nikaliona hilo neno lori. Nikainuka, nikaitoa karatasi kwenye skana kwa mkono wangu, nikaanza kuizungusha kama usukani. Mama wa mapokezi akaniuliza, "Unaendesha kwenda wapi?" Nikaendelea kuizungusha.

Nikafungua faili la majaribio nikatoa zile mbili za mwanzo. Zilikuwa humo muda wote, mita moja kutoka kwenye kiti changu. Nilisoma ya ufunguo. Nilisoma ya moshi. Nilisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena.

Halafu nikafikiria maboksi ya hospitali. Nikachukua faili moja la juu, nikainama mlangoni, kama ulivyonifundisha. Katikati daktari ameandika dawa, kwa mashine, safi. Pembeni muuguzi ameandika kwa kalamu: "Asipewe tena, alivimba koo." Fasaha alikuwa ametoa ile dawa peke yake. Muuguzi hakuwepo kabisa. Nikachukua faili lingine, na lingine. Kwenye hospitali ile, Babu, wauguzi wote waliandika kama wewe.

Nikaenda kwa bosi na karatasi mkononi.

"Ripoti yako nimeisaini," akasema.

"Naomba niichane."

"Watu wa Fasaha nimeshawaambia ndiyo."

"Bosi, soma hapa pembeni."

Akasoma. Akavua miwani. "Mteja anataka kurasa safi," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Mteja ni hospitali. Huyu aliyevimba koo hajaulizwa anataka kurasa za namna gani."

Akaisoma tena ile ya muuguzi. Kisha akasema, "Sawa. Mlete huyo Kigugumizi wako. Ila kila anapogugumia, pembeni utasoma wewe. Maboksi yote. Na likizo usiitaje mpaka yaishe." Maboksi yanafika kwenye dari, Babu. Nimeshinda, na zawadi yangu ni kiti kilekile na ukuta uleule.

Baba mdogo nilimpigia nikiwa bado nimesimama. Nilimsomea kingo zako moja baada ya nyingine, polepole, sikuongeza neno. Nilipofika kwenye moshi akasema, "Acha." Nikaendelea. Nilipomaliza akasema, "Wewe ndiye uliyeniambia ana furaha." Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na nilimwambia uongo bila kujua. Akasema, "Siku ile nilimkuta chini ya ngazi, damu masikioni. Nikifunga mlango ndipo naweza kufanya kazi." Nikamwambia, "Baba mdogo, yeye akifungiwa hawezi kufanya lolote." Akakata simu. Baadaye akanitumia ujumbe: ataacha ufunguo ndani.

Muuza mayai nimemwendea. Alilalamika, kisha akasema atahama mwisho wa mwezi, kwa sharti moja: umwandikie mkokoteni wake herufi zenye kivuli. Nimemkubalia kwa niaba yako.

Mjukuu wako

(Pembeni, herufi ndogo:)

Nisamehe Babu. Sheria ya kazi nilikuwa naijua, sikuinama.


Ghorofa ya sita, Alhamisi

(Katikati ya karatasi, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa zenye kivuli, bila maua:)

NJOO UNICHUKUE.
NGAZI SIZIWEZI PEKE YANGU.

(Pembeni, kwa penseli, herufi ndogo:)

Hayo ya katikati usimsomee mtu kwa sauti. Rangi nilimtuma mama wa ngazi.

Ufunguo umetundikwa kwenye msumari, ndani. Baba yako mdogo aliupigilia mwenyewe usiku ule, akapiga nyundo zaidi ya ilivyohitajika. Asubuhi alisimama mlangoni na begi lake, ananiangalia mimi, anauangalia msumari. Nikamwambia, "Nenda kazini mwanangu, mimi si moto." Akaenda. Viatu vyake niliviona chini ya mlango, vimesimama muda mrefu.

Siku ya kwanza sikutoka. Nilifungua, nikafunga, nikafungua, nikafunga, kwa raha yangu tu. Sauti ya kufuli ukilifungua mwenyewe ni tofauti, hata sikio langu limeisikia.

Siku ya pili nilishuka. Goti lilinichukua mpaka ghorofa ya nne, likakaa chini, na mimi nikakaa nalo. Mama wa ngazi ndiye aliyenirudisha juu, mimi namshika bega, yeye kashika ufagio. Ukikutana naye atakuambia nilikuwa nalia. Ni vumbi lake lile, afagie kwa maji.

Usidhani nimeishiwa nguvu. Ngazi hizi si kitu. Mtu aliyeshuka kinu kizima cha unga na ng'ombe mgongoni, ng'ombe mwenye pembe, tena ana mimba, anashindwaje na jengo la kupanga? Ni vile tu nataka mtu wa kuongea naye njiani.

Mwambie muuza mayai mkokoteni wake nitauandika Nani Kama Mimi, na pembeni, chini, nitaandika: yanavunjika.


Ofisini, Ijumaa

Babu,

Shikamoo. Katikati nimesoma. Nimezungusha karatasi, nimesoma na pembeni.

Kwa bosi nimeandika barua ya mstari mmoja, herufi kubwa: NAKWENDA KUMCHUKUA BABU YANGU. Sikungoja anijibu. Kigugumizi nimemwachia mama wa mapokezi, anasema wataelewana, mumewe naye yuko hivyo.

Kesho jioni nipo hapo. Usinisubiri mlangoni umesimama, weka kiti. Baba mdogo atashika mkono mmoja na mimi mwingine, ameshakubali. Tutashuka ngazi moja moja. Goti likikaa, tunakaa.

Mjukuu wako

(Pembeni, herufi ndogo:)

Babu, kwenye barua ya kwanza alikuwa mbuzi.